"Satire" si "sarcasm": tofauti za maneno ya Kiingereza ya dhihaka

Kila inapotokea katuni, makala au igizo la kuwadhihaki wakubwa, hawakosekani wasomaji wa kulisifu kwa kusema kwamba ni "sarcasm" kali. Na kila mtu anapokemewa kwa kumtukana mwenzake hadharani, hakawii kujitetea kwamba alichoandika kilikuwa "satire" tu. Maneno hayo mawili ya Kiingereza yamezoeleka hata yanaingia katika mazungumzo ya Kiswahili bila kutafsiriwa, lakini yamebebeshwa maana moja ilhali ni mambo mawili.

Kwa ufupi, "sarcasm" ni namna ya kusema, na "satire" ni namna ya kutunga. Ya kwanza ni kauli yenye ncha, inayolengwa kwa mtu ili imchome, na inaweza kuanza na kwisha katika sentensi moja. Ya pili ni kazi nzima, iwe shairi, tamthilia, riwaya au mchoro, inayotumia kicheko kuanika uovu au upumbavu. "Irony", yaani kinaya, ni mbinu ambayo zote mbili huweza kuitumia: kusema kinyume cha unachokusudia, huku ukitegemea kwamba msikilizaji atang'amua.

Asili ya "sarcasm" inaeleza mengi. Imetoka katika kitenzi cha Kigiriki sarkazein, kurarua nyama kama wafanyavyo mbwa, na baadaye kusema kwa uchungu. Mzizi wake ni sarx, nyama, ule ule unaopatikana katika neno "sarcophagus", jeneza la jiwe lililodhaniwa kuwa linakula mwili. Kwa hiyo sharti la "sarcasm" ni kuuma, wala si kusema kinyume. Mtu akimwambia mwenzake aliyechelewa, "Asante kwa kuwahi," amechanganya kinaya na "sarcasm". Akimwambia, "Akili yako haijazi kijiko," hakuna kinaya hapo, kwa kuwa anamaanisha hasa anachosema, lakini "sarcasm" ipo. Naye anayetazama mvua ya mawe na kusema, "Leo hali ya hewa imetupendelea," ametumia kinaya bila kumuuma yeyote, na kuiita kauli hiyo "sarcasm" ni kumsingizia ukali ambao hakuwa nao.

Historia ya "satire" ni ndefu zaidi, na humo ndimo lilimozaliwa kosa linalotusumbua. Warumi walikuwa na neno satur, lenye maana ya kushiba au kujaa, na kutokana nalo wakapata lanx satura, sinia lililojazwa matunda ya aina mbalimbali. Satura ikawa jina la mashairi ya mchanganyiko, yaliyogusa hili na lile, mpaka Lucilius, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alipoyapa kazi ya kuzishambulia tabia za watu wa Roma. Baada yake wakaja Horace na Juvenal. Quintilian, mwalimu wa balagha wa karne ya 1, alisema kwamba utanzu huo wote ni mali ya Warumi. Wagiriki kwa upande wao walikuwa na satyros, kiumbe wa visaasili, nusu mtu nusu mnyama, mlevi na asiye na haya, na walikuwa na michezo ya jukwaani ambamo kundi la viumbe hao liliimba na kucheza. Kwa kuwa maneno hayo mawili yanakaribiana kwa matamshi, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba la Kirumi limezaliwa na la Kigiriki.

Imani hiyo haikuishia katika tahajia. Waingereza wa mwishoni mwa karne ya 16 waliandika "satyre", na washairi wao wakashikilia kwamba utungo wa aina hiyo unapaswa kukwaruza na kutukana, kwa sababu hivyo ndivyo ambavyo kiumbe wa porini angesema. Mwaka 1599 Askofu Mkuu wa Canterbury na Askofu wa London walipiga marufuku kuchapishwa kwa "satire", na baadhi ya vitabu vikachomwa moto. Mwaka 1605 Isaac Casaubon, msomi aliyekuwa akiishi Paris, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba michezo ya Wagiriki na mashairi ya Warumi havina nasaba moja. Hoja yake ilishinda miongoni mwa wasomi, lakini dhana kwamba "satire" ni matusi yaliyopewa heshima ya sanaa haijafa hadi leo, na inanisikitisha, kwa sababu inautweza utanzu ambao umefanya kazi kubwa ya kuwasema wenye nguvu.

Samuel Johnson alikwisha kulilalamikia jambo hili katika kamusi yake ya mwaka 1755. Aliieleza "satire" kuwa ni shairi linalokemea uovu au upumbavu, akaongeza kwamba iliyo halisi huzungumzia mambo kwa ujumla, tofauti na "lampoon", ambayo humwandama mtu fulani, na kwamba watu huzichanganya mno. Nadhani alikaza kamba kupita kiasi, kwa kuwa Lucilius mwenyewe aliwataja watu kwa majina yao. Hata hivyo msingi wake ni imara: kinachochekwa lazima kiwe kosa. Mwaka 1729 Jonathan Swift alipendekeza, kwa sauti ya mtaalamu mpole wa uchumi, kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wawe kitoweo cha matajiri. Pendekezo lake zima limesimama juu ya kinaya, na shabaha yake ni ukatili wa wanaouhesabu umaskini kama hesabu za dukani. Anayeliita "sarcasm" ameona ncha akakosa kuuona mkuki.

Maneno mengine ya ukoo huu hayana mgogoro mkubwa. "Ridicule" na "deride" yote yamejengwa juu ya ridere, kucheka kwa Kilatini, kama vile dhihaka yetu ilivyotokana na neno la Kiarabu la kucheka. "Deride" lina dharau zaidi. "Jeer" ni kuzomea, na haliwezekani bila sauti. "Sneer" ni la uso, kubenua mdomo, na "scoff" ni kubeza, hasa dai au wazo. "Taunt" hulenga kuchokoza ili mtu apandwe na hasira. "Tease", utani ambao aghalabu hauna chuki, hapo awali lilikuwa kuchambua sufu. "Mock" lina jambo la pekee, kwamba mara nyingi hubeba maana ya kuiga, na ndiyo sababu ndege wa Marekani anayeiga sauti za ndege wengine huitwa "mockingbird".

"Parody" nayo huiga, lakini huiga kazi ya mtu mwingine ili kuicheka kazi hiyo hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliutumia mpaka huo mwaka 1994 katika kesi ya hakimiliki ya wimbo: "parody" haina budi kuazima kutoka katika kazi inayoichezea, ilhali "satire" inaweza kusimama yenyewe, hivyo ikiazima inapaswa kutoa sababu.

Anayemcheka mtu kwa sura yake au lafudhi yake, basi, hajaandika "satire", kwa kuwa sura na lafudhi si uovu wala upumbavu; neno linalomfaa ni "ridicule", na akiwa amekusudia kuchokoza, "taunt". Msomaji anayeipenda katuni iliyomwanika mla rushwa na aiite "satire". Akitaka kusifu maneno machache makali ambayo mchoraji ameyatia kinywani mwa mhusika mmojawapo ili amchome mwenzake, hapo anaweza kusema "sarcasm", na atakuwa amesema sawasawa.