Shahada ya Uzamili katika Maendeleo ya Kimataifa: Hasa Inasoma Nini?

Haya ni masomo ya juu, baada ya shahada ya kwanza, yanayochunguza kwa nini nchi moja imetajirika na nyingine imebaki maskini, nani ameamua nini kifanyike kuhusu hali hiyo, na waliofanyiwa wamepata nini. Wengi huyachukulia kama tiketi ya kuajiriwa na shirika la misaada. Kazi hupatikana kweli, lakini anayeingia darasani na wazo hilo tu hushangaa kukuta nusu ya mwaka wa masomo inakwenda kwenye kuuliza kama misaada yenyewe inasaidia.

Mara nyingi anayeulizia masomo haya amesomea kilimo, uuguzi, sheria au ualimu, akafanya kazi wilayani miaka michache. Ameshuhudia kisima kikizinduliwa kwa ngoma, na pampu ikafa kabla fundi hajajulikana ni nani. Mhandisi atamweleza pampu ilivyokufa. Kwa nini hakukuwa na fedha ya vipuri, kwa nini kamati ya maji haikuwa na mwanamke hata mmoja ilhali wachotaji ni wanawake, na kwa nini mfadhili alitaka kisima hapo na si kule: hayo ndiyo maswali ya taaluma hii.

Umri wake si mkubwa. Mwaka 1944, huko Bretton Woods nchini Marekani, ziliundwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Januari 1949 Rais Harry Truman alitangaza katika hotuba ya kuapishwa kwake kwamba Marekani itapeleka ujuzi wake katika nchi alizoziita zisizoendelea. Nchi za Asia na Afrika zilipojipatia uhuru, vyuo vilihitajika vya kufundisha wapangaji wa uchumi: The Hague nchini Uholanzi ilianza 1952, Nairobi ikafungua taasisi yake 1965, na Sussex nchini Uingereza 1966.

Dar es Salaam ilichukua njia yake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliona haifai mhandisi au daktari ahitimu bila kuielewa jamii atakayoitumikia. Taasisi ya taaluma za maendeleo ikaanzishwa 1973, na somo hilo, ambalo wanafunzi wanaliita DS tu (kifupi cha Development Studies), likawa la lazima kwa kila fani. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapo hapo katika miaka hiyo, akidai kwamba umaskini wa Afrika ulitengenezwa na biashara ya watumwa na ukoloni, na kwamba huwezi kuueleza utajiri wa Ulaya ukiuacha nje. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wetu wengi huamini taaluma hii imetoka Ulaya ikiwa imekamilika. Sehemu ya mabishano yake makubwa ilipiganwa Mlimani.

Mabishano hayo ndiyo moyo wa masomo. Waliotangulia walifundisha kwamba kila nchi hupanda ngazi zile zile: kilimo cha jembe, kisha viwanda, kisha neema. Wachumi wa Amerika ya Kusini, akiwemo Raúl Prebisch wa Argentina, walipinga: anayeuza kahawa na kununua matrekta hupunjwa kadiri miaka inavyokwenda. Miaka ya 1980 ikaleta marekebisho ya kiuchumi. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Shilingi ikashushwa thamani, ruzuku zikaondolewa, baadaye wananchi wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq wa Pakistani, akisaidiwa na Amartya Sen wa India, alitoa kupitia Umoja wa Mataifa kipimo kinachoweka umri wa kuishi na elimu pamoja na kipato. Tangu hapo ni vigumu kuisifia nchi kwa mapato yake peke yake huku watoto wake wakifa.

Upande wa pili ni mbinu za utafiti, na hapa ndipo mwanafunzi hupata ujuzi unaouzika kwa waajiri. Chukua mfano wa Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule za msingi 75, zilizogawanywa makundi matatu ili dawa zianze kundi baada ya kundi. Michael Kremer na Edward Miguel walilinganisha shule zilizopata na zile zilizokuwa bado zinasubiri. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto wasiomeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua kijijini. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu zile zile wakasema baadhi ya matokeo ni dhaifu kuliko ilivyodaiwa, na ubishi ukawa mkali. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya 2019 na Esther Duflo na Abhijit Banerjee kwa majaribio ya namna hii. Mwanafunzi mzuri wa uzamili anaweza kusoma pande zote mbili za ubishi huo na kueleza mzizi wake.

Majina ya shahada yanatofautiana na hayasemi mengi. Tazama orodha ya masomo: kama hakuna takwimu, hakuna ufuatiliaji na tathmini, wala bajeti ya umma, utatoka na nadharia nzuri na mikono mitupu. Uingereza kozi kwa kawaida ni mwaka 1. Kwetu huelekea miaka 2. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa miaka 2, na mhitimu arudi nyumbani kwa angalau miaka 2.

Soko la ajira limebadilika, na anayeomba leo anastahili kuambiwa. Uingereza ilishusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na imetangaza kwenda 0.3 ifikapo 2027. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa 2025, na miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ikapoteza watumishi. Kwa maoni yangu, hili linaipa uzito zaidi kazi ya serikalini na kwenye halmashauri, ambako bajeti itaendelea kupangwa mfadhili awepo asiwepo.

Mwisho wa kozi huandikwa tasnifu, mara nyingi maneno 10,000 hadi 15,000. Wanaofanya vizuri huleta swali walilolibeba kutoka kazini: mkulima wa korosho Mtwara analipwa lini na kwa nini wakati huo, au nani hukaa kwenye kamati ya maji ya kijiji kimoja wanachokijua kwa jina.