Hivi hewa ukaa inatoaje mafuta mazito kama lami kule chini ya ardhi?

Kwa miaka mingi niliamini, na nimeshawahi kumuelezea mtu kwa kujiamini kabisa, kwamba wachimbaji wakiingiza hewa ukaa, yani CO2, kwenye kisima cha mafuta mazito wanataka isukume tu. Gesi inaingia huku, mafuta yanatokea kule, kama pampu. Kumbe nilikuwa nadanganya watu.

Ukitaka kujua kwanini, chukua kikombe cha uji wa ulezi uliopoa, chomeka mrija mpaka chini halafu puliza. Uji hausogei. Hewa inajitafutia kanjia kake inatokea juu inakurukia usoni, na uji uko palepale ulipokuwa. Ukipuliza kwa nguvu zaidi ndio kanjia kanazidi kupanuka basi. Na gesi ikisukuma mafuta mazito inafanya hivyohivyo, inayapita katikati. Mfano kuna mafuta ya Bati Raman, kusini mashariki mwa Uturuki, mnato wake, yani ule ugumu wa kutiririka, ni mara mia kadhaa ya maji, yako chini mita 1,300 hivi kwenye mwamba wa chokaa, na kwa njia ya kawaida ilikadiriwa yangetoka chini ya asilimia 2 tu ya yote yaliyomo. Mengine ndio basi tena, mpaka mwaka 1986 walipoanza kuingiza CO2 inayochimbwa Dodan, karibu kilomita 90 kutoka hapo. (Ndiyo, CO2 inachimbwa. Hata Rungwe kule Mbeya ipo, inaishia kwenye soda.)

Sasa kama haisukumi inafanya nini? Inaingia ndani ya mafuta yenyewe.

Fikiria tambi za jana zilizoganda sufuriani. Ukizisukuma na mwiko zinahama zote kama keki. Ila ukimwagia kijiko cha mafuta ya kula ukasubiri kidogo, kila uzi unaanza kuteleza juu ya mwenzake. Mafuta mazito ndio hizo tambi, molekuli kubwa zimeshikana, na CO2 ndio kile kijiko, ni kamolekuli kadogo kanapenya katikati yao na kuziachanisha, mnato unashuka sana. Halafu mafuta yanavimba, kama unga wa maandazi ulioumuka ukaanza kumwagika nje ya bakuli, na vile vitundu vya mwamba haviongezeki ukubwa kwahiyo mafuta inabidi yatafute pa kwenda.

Na hapa ndipo kuna kioja ninachokipenda. Hiyo CO2 ikibanwa kisawasawa sio gesi tena, na sio kimiminika pia. Ikipita nyuzi joto 31 na presha ya baa 74 kwa pamoja (fundi tairi anakuwekea psi 32, hii ni zaidi ya 1,000) inakuwa kitu cha katikati, tuiite hali ya supakritiko: inapenya kama gesi lakini ina uzito wa kukaribia kimiminika, kwahiyo inaweza kuyeyusha vitu. Hali hiyo iligunduliwa mwaka 1822 na Mfaransa Charles Cagniard de la Tour, aliyefunga vimiminika kwenye mtutu pamoja na gololi ya jiwe, akaupasha moto huku akisikiliza, mpaka sauti ya gololi kupita kwenye kimiminika ikapotea. Kwa masikio! Na usidhani ni vitu vya maabara tu, ule mtungi wa kuzimia moto wa CO2, wenye mdomo mweusi mpana usio na geji, ukikaa mahali penye joto Dar mwezi wa pili ndani yake inakuwa ndio hali hiyohiyo.

Uzuri wake mwingine, presha ndio rimoti. Ongeza presha, inabeba haidrokaboni nyingi, yani zile molekuli zinazounda mafuta, punguza, inaziangusha. Mjerumani Kurt Zosel alitumia ujanja huohuo miaka ya 1960 kutoa kafeini kwenye kahawa, ukishusha presha CO2 inaondoka yenyewe, huna haja ya kuchemsha kitu.

Ila haibebi kila kitu, na hapo pia nilikuwa nimekosea. Inachukua zile nyepesi na za kati. Asfaltini, yani lile zito jeusi lenye asili ya lami, haiziwezi, na nyepesi zikishaondoka asfaltini zinaweza kugandamana na kuziba njia. Pale Bati Raman kwenyewe CO2 haikuchanganyika na mafuta mpaka yakawa kitu kimoja, iliingia kiasi na kuyalegeza tu, na hata hivyo mafuta mengi bado yamebaki chini. Na haya msiyachanganye na mafuta ya Uganda yatakayokuja Tanga, yale tatizo lake ni nta inayoganda ndio maana bomba linapashwa joto.

Mafuta yakifika juu presha ikashuka yanafoka povu kama soda iliyotikiswa. Ni ile CO2 inatoka. Kwenye miradi mingi wanaikusanya, wanaibana upya, wanairudisha kisimani.