Unasema unaona vizuri, lakini ni jicho linaona au ni ubongo unaziba mapengo?

Kauli ninayoisikia kuliko zote kwenye chumba cha kupimia macho ni hii: "Daktari, mimi naona vizuri tu, nimekuja kwa sababu wamenisukuma nije." Na anayesema hivyo hadanganyi hata kidogo, kwa jinsi anavyojua yeye anaona vizuri kweli, alafu tukimpima upana wa kuona tunakuta eneo kubwa la pembeni limeshakufa zamani. Anashtuka, wengine wanabisha kabisa, wanauliza inawezekanaje mtu asijue kwamba haoni? Swali hilo ni la maana sana, na huwezi kulijibu bila kueleza kuona kwenyewe kunafanyikaje, kwa hiyo leo nalijibu taratibu.

Wengi tumefundishwa kwamba jicho ni kama kamera. Mfano huo unafaa mwanzoni tu, mwanga unaingia kwenye konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, unapita kwenye mboni, lenzi inaukusanya na picha inaangukia kwenye retina, utando wa ndani upande wa nyuma wa jicho. Msomi wa Kiarabu Ibn al-Haytham aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, enzi hizo wasomi wengi walikuwa wanaamini jicho ndo linalotoa miale inayoenda kugusa vitu. Alafu mwaka 1604 mwanasayansi Mjerumani Johannes Kepler akaeleza kwamba ile picha inakaa kwenye retina ikiwa imepinduka, kichwa chini miguu juu. Sasa mbona hatuoni dunia imepinduka? Ni kwa sababu hakuna mtu mwingine mdogo amekaa ndani ya kichwa chako anaiangalia hiyo picha, ubongo haupokei picha, unapokea taarifa kwa njia ya umeme mdogo mdogo, na kazi yake ni kujua kitu kiko wapi ili mkono ukifikie na mguu usijikwae. Mwanasaikolojia wa Marekani George Stratton aliwahi kuvaa lenzi za kupindua dunia miaka ya 1890, siku za kwanza kila kitu kilimvuruga, ila siku zilivyosogea akawa anatembea na kushika vitu bila tabu kama ile ya mwanzo.

Hapo ndo mfano wa kamera unapoanza kuvunjika. Retina ya jicho moja ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 90, nyingi ni zile tunaziita rodi zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu, na koni kama milioni 6 hivi ambazo ndo za rangi na za kuona kitu kwa undani. Lakini mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni moja tu! Yaani taarifa inachujwa na kufupishwa humo humo ndani ya jicho kabla haijaondoka, na kinachopewa kipaumbele ni tofauti: ukingo wa kitu, mahali mwanga unapogeuka kuwa kivuli, kitu kilichosogea. Kisichobadilika kinafifia. Mishipa ya damu ya retina imepita mbele ya zile seli, kwa hiyo kivuli chake kinaziangukia mchana kutwa, na bado huioni, kwa sababu kivuli kimekaa pale pale siku zote na mfumo wako umeshaacha kukihesabu.

Jambo lingine ambalo watu hawaliamini hadi walijaribu wenyewe. Gandisha macho kwenye neno moja tu la mstari huu, usiyasogeze, alafu jaribu kusoma neno la tano kulia kwake. Ngumu, sio? Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo sana, ni kama upana wa kucha ya dole gumba ukinyoosha mkono mbele yako, zaidi au kidogo ya hapo. Kwingine kote unaona kwa ukungu. Ila huhisi ukungu wowote kwa sababu macho yanaruka ruka, kama mara tatu kila sekunde, yanadokoa kipande hapa kipande pale na ubongo unaunga. Na wakati jicho linaruka ubongo unapunguza kabisa kile kinachopita ili dunia isionekane inatetemeka, simama mbele ya kioo uangalie jicho lako la kulia alafu la kushoto, kulia, kushoto, hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, ila mtu aliyesimama pembeni yako anayaona wazi kabisa.

Hapo katikati penye ukali hakuna rodi, ndo maana usiku nyota hafifu ukiitazama moja kwa moja inapotea, ukitazama pembeni yake kidogo inarudi. Na rodi zenyewe zinachukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, kwa hiyo ukitoka kwenye mwanga mkali usijiamini haraka barabarani.

Sasa tuje kwenye lile pengo. Chukua karatasi nyeupe, weka alama ya msalaba, alafu kulia kwake kama sentimita 8 weka doa jeusi. Funga jicho la kushoto, la kulia liangalie msalaba tu, anza na karatasi kwa umbali wa mkono alafu isogeze taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 hivi doa linapotea. Hapo ni mahali mshipa wa fahamu unapotokea kwenye jicho, hakuna seli ya kupokea mwanga hata moja, Mfaransa Edme Mariotte aliligundua jambo hili karne ya 17. Lakini nakuomba uangalie kitu kimoja kwa makini: doa likipotea unaona nini mahali pake? Huoni tundu jeusi. Unaona karatasi nyeupe. Na ukichora mistari kwenye karatasi yote utaona mistari imeendelea tu kama kawaida. Ubongo umechukua kilicho jirani ukajazia.

Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alishasema karne ya 19 kwamba kuona ni kukisia, ubongo unapiga hesabu kutokana na uzoefu wake bila wewe kujua. Ndo maana mwaka 2015 picha moja ya gauni iligawa watu duniani, wengine bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu, macho yao yote mazima, tofauti ni kwamba kila ubongo ulikisia mwanga uliokuwa pale kwa namna yake. Kukisia huku sio kasoro. Bila hivyo shati jeupe lingekuwa linabadilika rangi kila ukitoka juani kuingia kivulini.

Ila kwa sisi tunaotibu macho, huku kujaziwa ndiko kunakotuumiza vichwa. Kwenye glakoma, ambayo wengi wanaiita presha ya macho, zile nyuzi milioni moja zinakufa kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia maeneo ya pembeni, bila maumivu, na ubongo unafanya kile kile ulichofanya na doa lako kwenye karatasi, unajazia. Tena jicho lingine linafichia, maana pengo la kulia na la kushoto kwa kawaida hayaangukii mahali pamoja. Mtu hasemi "naona giza pembeni", anasema siku hizi najigonga kwenye milango, au gari limetokea ghafla sijui limetoka wapi. Nyuzi zilizokufa hazirudi, dawa za matone, leza au upasuaji vinalinda zilizobaki tu, kwa hiyo mimi nikimpata mgonjwa mapema nakuwa na kitu cha kulinda, nikimpata amechelewa nakuwa nalinda kidogo sana na hilo linaniuma kila mara.

Kuna upande mwingine wa jambo hili na nataka wenye wazazi wazee wasome hapa polepole. Macho yakipungua nguvu sana ubongo unaweza kuanza kutengeneza picha wenyewe, mzee anaona watu wadogo, maua, wanyama, sura za watu asiowajua, hazina sauti na mara nyingi yeye mwenyewe anajua kabisa sio vitu halisi. Mwanasayansi wa Uswisi Charles Bonnet aliliandika hili mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake. Wengi hawasemi, wanaogopa wataambiwa wamechanganyikiwa au wana mapepo. Mama au baba akikwambia kitu kama hicho usimcheke na usimkemee, mlete apimwe macho, na daktari ataangalia pia kama kuna sababu nyingine. Mara nyingi kule kuambiwa tu kwamba akili yake ni nzima kunamrudishia usingizi.

Kwa watoto ni tofauti kidogo. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho likifungwa wiki za mwanzo za maisha, hata likifunguliwa baadaye likiwa zima, sehemu ya ubongo ya kisogoni inakuwa imeshaacha kulisikiliza. Mtoto wa binadamu ni hivyo hivyo, jicho moja likiwa na namba kubwa ya miwani au lina makengeza, ubongo unachagua lingine, tunaita jicho vivu, na mtoto halalamiki kabisa kwa sababu hajawahi kujua kuona kwingine. Akipata miwani na kuzibiwa jicho zuri kwa muda akiwa bado mdogo anafaidika sana, akishakuwa mkubwa inakuwa kazi ngumu.

Kwa hiyo nyumbani zibeni jicho moja moja, watu wazima na watoto, muone kama kila moja linasoma peke yake. Ila hiyo haigundui glakoma ikiwa bado changa, kwa hilo ni lazima mtaalamu aangalie mshipa wa fahamu wa jicho na apime upana wa kuona, hasa kama umepita miaka 40 au kwenu kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma. Na ukiona ghafla miali kama ya radi, vidoa vyeusi vingi vinaelea, au kama pazia linashuka upande mmoja, hiyo inaweza kuwa retina inabanduka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu na hata kama jicho lingine linakuambia mambo yako sawa.