Mawindo ya nani?

Juzi ndani ya kosta, abiria mmoja aliuliza kwa sauti, akijibu habari ya redio kuhusu simba waliovamia zizi: "Simba watakosaje mawindo na hifadhi imejaa tembo?" Watu wakacheka, wakakubali. Mimi nilishuka kituo kilichofuata nikiwa na jibu ambalo sikulitoa.

Maana kwanza, haraka. Mawindo ni wanyama ambao mnyama mwingine huwawinda ili awale. Mwindaji huyo wengine humwita mbuai. Mawindo yakipungua, mwindaji hula kidogo, huzaa wachache, hutembea mbali zaidi, au hugeukia chakula kingine, mara nyingi mifugo. Basi.

Kinachoniudhi ni watu kulitumia neno hili kana kwamba ni jina la wanyama wote walao majani. Litazameni lilivyoundwa. Kutoka "tenda" tunapata tendo, "soma" somo, "pata" pato, na "winda" windo, ambalo wingi wake ni mawindo. Maneno ya aina hii hayasimami bila mtu nyuma yake. Fedha iliyolala benki si pato lako kwa sababu tu unapita mbele ya benki hiyo. Sarufi nayo inasema vilevile: nyumbu *wamepungua*, lakini mawindo *yamepungua*. Nyumbu ni wanyama. Mawindo ni kile ambacho mwindaji fulani, mahali fulani, anaweza kukikamata.

Kwa hiyo tembo mzima, pamoja na tani zake zote, kwa kawaida si mawindo ya simba. (Najua, simba wa Savuti kule Botswana wamewahi kuua tembo. Ndiyo maana walipata umaarufu.) Nyati ni mawindo ya simba lakini si ya duma, ambaye pale Serengeti huishi sana kwa swala tomi. Ukisema mawindo yamepungua, lazima uniambie ya nani.

Na wapi. Serengeti ina nyumbu wapatao milioni 1.3. Mwezi wa Agosti wengi wao wako kaskazini, upande wa Mara, na tambarare za kusini zimekauka. Hakuna nyumbu aliyefutika duniani, lakini kwa simba jike aliyebaki kusini, mawindo yamepungua kwelikweli. Yeye hawezi kuwafuata: ana eneo lake, na nje ya eneo hilo kuna simba wengine wasiotaka mgeni. Inambidi ashindie ngiri na wale wachache wasiohama. Kinapopatikana kidogo wakubwa hula kwanza, kwa hiyo njaa huonekana kwa watoto kabla haijaonekana kwa mama zao. Ndiyo maana nyumbu walipoongezeka kutoka 250,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua nyumbu pia, kudhibitiwa, hadi kufikia zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, simba hawakuzidi mara tano nao. Idadi yao hubanwa na miezi ya ukame.

Fisi wa tambarare hizohizo amelitatua jambo hili kwa miguu. Mama huwaacha watoto kwenye pango la ukoo, akasafiri kilomita 40 au zaidi hadi walipo nyumbu, akala, akarudi na maziwa. Kila mama hunyonyesha wa kwake tu, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa siku kadhaa bila kunyonya huku mama wa wenzake wamelala kando yake. Nyumbu wakisogea mbali zaidi, siku hizo huongezeka. Hesabu ya nyumbu ni ileile, ya fisi wazima pia ni ileile kwa muda, ila pangoni watoto wamekonda. Ukihesabu wazima tu utasema hakuna tatizo.

(Na kabla hamjaniambia fisi hula mizoga: mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960 akakuta wanawinda wenyewe, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayewanyang'anya.)

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda. Mwaka 2002 watafiti Chris Carbone na John Gittleman walionyesha kwamba, kwa wastani, kilo 10,000 za mawindo hutosha kulisha kilo 90 za mla nyama, awe mdogo au mkubwa. Kilo 90 hazifikii hata simba jike mmoja mzima. Na neno muhimu humo ni lilelile: si kilo 10,000 za wanyama wowote, ni za mawindo *yake*. Watu wakitega nyaya wapate swala na nyumbu wa kitoweo, tembo wataendelea kuonekana barabarani na watalii watapiga picha, lakini kilo za simba zitakuwa zimeshaondoka. Na nyaya hizo hazichagui, humnasa na simba mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kwenye kosta, hukukosea kuhusu tembo, kweli wapo wengi. Sema tu "wanyama wapo". Mawindo ungemwachia simba ayahesabu, na inaelekea alipofika zizini alikuwa ameshamaliza kuhesabu.