Kumnyima urithi mtoto anayekutesa: hasira peke yake haitoshi

Wazee wangu, leo niongee na nyie kitu ambacho sisi tunaoshughulika na wosia na mirathi tunakutana nacho kila mara na kinauma kwelikweli. Mama anakuja na karatasi kaandikiwa steshenari, "wanangu wawili wasipate hata kijiko", kaweka dole gumba na tarehe, basi. Ukimuuliza kulikoni analia, mmoja ana miaka 40 anamtukana na kumsukuma, mwingine kang'oa mabati kauza mama akiwa kalazwa. Ana haki ya kuumia. Ila karatasi ile akishafariki watoto haohao wataipangua mahakamani kiulaini kabisa.

Wengi wanadhani mtoto wa kumzaa hanyimwi urithi, si kweli. Kwa wanaofuata sheria ya kimila hapa Tanzania, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linaruhusu, ila kwa sababu zake: mtoto akizini na mke wa baba yake, akijaribu kumuua, akimshambulia au kumdhuru vibaya mwenye wosia au mama wa mwenye wosia, akimtelekeza kwenye njaa au ugonjwa bila sababu ya maana, au akiharibu mali yake. Hiyo ya kutelekeza ndo inawagusa wazee wengi. Lakini kuoa mtu usiyempenda au kugoma kurudi kijijini, hapana, haimo.

Sasa wosia lazima useme waziwazi nani ananyimwa na kwa nini, halafu, na hapa ndo wazee wanakasirika, mtoto apewe nafasi ya kujitetea, mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. Mzee mmoja aliniambia nimuite wa nini wakati kanipiga? Namuelewa kabisa, lakini usipomsikiliza, au usipoandika sababu, mahakama inaweza kuutengua wosia na mali ikagawanywa kana kwamba hukuandika kitu, yaani yule aliyekupiga anachukua fungu lake kama wenzake. Kwa hiyo muite, kikao kiandikwe muhtasari watu wasaini, na kama alikuumiza tunza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa.

Mashahidi nao wanaangusha wosia nyingi. Kama unajua kusoma na kuandika unahitaji angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, kama hujui ni wanne, wawili wa ukoo wawili wa nje, na wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Anayerithi asiwe shahidi. Wosia ukikamilika unaweza kuutunza RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, usiuache chini ya godoro kwenye nyumba anayoingia na kutoka huyohuyo mtoto.

Kwa Waislamu ni tofauti, mafungu ya warithi yamepangwa tayari na wasia hauwezi kumfuta mtoto, unausia mpaka theluthi moja tu na kwa wasio warithi. Kwa wanaofuata Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu, uhuru ni mkubwa zaidi, ila mashahidi wawili lazima.

Na kama unapigwa au kunyimwa chakula leo, usikae kusubiri wosia maana wenyewe unaanza kazi ukishazikwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, na ukishindwa kutembea mtume jirani akamwite mjumbe.