Sababu ya kuingia vitani: watu hubishania nini hasa?

Kila nchi inayoingia vitani hutoa sababu, na ni nadra sababu hiyo kupita bila kupingwa. Msomaji wa habari huona kelele moja tu: huyu anasema vita ni halali, yule anasema ni uvamizi. Ukizichambua hizo kelele utakuta ndani yake kuna maswali manne yaliyofungwa kamba moja. Je, hicho kinachodaiwa kilitokea kweli? Kama kilitokea, sheria inakihesabu kuwa sababu ya kushika silaha? Nani mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa? Na sababu hiyo inakufikisha wapi: mpakani, au hadi Ikulu ya mwenzako?

Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mrefu zaidi, na ndilo linaloulizwa mara chache. Sisi wa huku Kaskazini tunapaswa kulijua kuliko wengi, maana sehemu ya jibu la Tanzania kwa swali hilo iliandaliwa hapa Moshi, Machi 1979.

Kwanza sheria yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, ibara ya 2(4), unakataza nchi kutumia nguvu, au hata kutishia kuitumia, dhidi ya mipaka na uhuru wa nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni miwili. Wa kwanza ni ibara ya 51: nchi ikishambuliwa kwa silaha inayo haki ya kujihami, yenyewe au kwa kusaidiwa na wenzake. Wa pili ni Baraza la Usalama, ambalo chini ya sura ya 7 linaweza kuruhusu nguvu itumike; hapo zinatakiwa kura 9 kati ya 15, na asiwepo hata mmoja wa wale watano wa kudumu aliyepiga kura ya turufu. Nchi ikiitwa na serikali halali ya mwenzake, kama Msumbiji ilivyozipokea nchi za SADC kule Cabo Delgado mwaka 2021, hiyo ni habari nyingine na haina haja ya kutuchelewesha.

Kujihami kuna masharti, na serikali nyingi huyasahau katikati ya hasira. Lazima pawepo shambulio la silaha, si matusi ya redioni wala doria iliyopotea njia ikavuka mpaka. Katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague ilitenganisha mashambulio mazito na rabsha za mpakani. Ikaongeza kwamba kuwapa waasi silaha, ingawa ni kosa, peke yake hakuhesabiki kuwa shambulio la silaha. Sharti la pili ni taarifa: nchi inayojihami inatakiwa kuliarifu Baraza la Usalama mara moja. Sharti la tatu ni kwamba nguvu iwe ya lazima, yaani hapakuwa na njia nyingine, na iwe na uwiano na hatari iliyopo.

Masharti hayo ya lazima na uwiano ni ya kale kuliko Umoja wa Mataifa. Yanatajwa sana kutokana na mkasa wa mwaka 1837, askari wa Uingereza walipotoka Canada, wakavuka mto Niagara na kuichoma meli ya Caroline upande wa Marekani kwa kuwa ilikuwa ikipeleka msaada kwa waasi. Katika barua alizoandika baadaye, Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alidai Uingereza ionyeshe kwamba hatari ilikuwa ya papo hapo, isiyoacha nafasi ya kuchagua njia wala muda wa kutafakari. Kipimo hicho bado kinatumika, hasa nchi inaposema ilipiga kwanza ili isipigwe.

Kulipiza kisasi hakumo kwenye orodha. Kumfunza mtu adabu hakumo. Ndiyo maana hotuba ya kuwapandisha wananchi mori na barua inayokwenda New York, kwa Baraza la Usalama, huandikwa kwa lugha mbili tofauti, na mwanasheria makini huzisoma zote mbili kutafuta mahali zinapopishana.

Sasa Kagera. Mpaka wa Tanzania na Uganda upande wa magharibi wa Ziwa Victoria unafuata mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo, hivyo kuna kipande cha Tanzania, takriban kilomita za mraba 1,800, kilichoko kati ya mto na mpaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia humo, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwahutubia Watanzania, na mambo matatu aliyoyataja hadi leo yanakumbukwa na wazee na watoto: uwezo, sababu na nia.

Kwenye swali la kwanza Amin alikuwa na maelezo yake. Alidai Tanzania ndiyo iliyoanza kuvuka, na alikuwa na kumbukumbu ya kuegemea: Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda wenye silaha walivuka kutoka Tanzania kujaribu kumwondoa, jaribio likashindwa, na mwezi uliofuata nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano ya Mogadishu ya kutosumbuana. Lakini hata ukimpa Amin hoja yote hiyo, haimsaidii kwenye swali la pili. Kutwaa ardhi ya mwenzako na kuitangaza yako ni uchokozi kwa tafsiri ya azimio namba 3314 la Baraza Kuu, la Desemba 1974, ambalo pia linasema hakuna kisingizio cha kisiasa, kiuchumi wala kijeshi kinachouhalalisha. Na viongozi wa Afrika walishakubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ibaki kama ilivyokutwa siku ya uhuru. Kwa hiyo haki ya kuwatoa wavamizi Kagera ilikuwa wazi.

Ubishi wenyewe ulianza Mutukula, mpakani upande wa Uganda.

Aliyekulia Machame au Marangu hahitaji kitabu cha sheria hapa. Jirani akikung'olea masale, ile mimea ya mpaka, na kuingiza migomba yake ndani ya kihamba chako, shamba la ukoo, hakuna mzee wa ukoo atakayekulaumu kwa kumtoa. Maneno yanaanza ukishavuka masale, ukaingia kwake na kumfukuza kwenye nyumba yake, hata kama mtaa mzima unajua anavyowatesa watu wa humo ndani.

Januari 1979 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilivuka na kuchukua Mutukula. Mwisho wa Februari ilikuwa Masaka na Mbarara. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kila kilomita ilizidi kuuliza: bado tunajihami? Hoja ya Tanzania ilikuwa na vipande viwili. Kwanza, Amin alitangaza tarehe 14 Novemba kwamba anaondoa majeshi, Dar es Salaam ikasema ni uongo; na Tanzania ilitaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, umlaani, naye akane madai ya ardhi na kulipa fidia. OAU ikachagua kusuluhisha badala ya kulaani. Mtu aliyevamia, asiyekana madai yake, aliyeko hatua chache kutoka mpakani, bado ni hatari. Hiyo ni hoja inayosimama, na inatosha kueleza Mutukula na pengine Masaka.

Kipande cha pili ndicho kilichohitaji Moshi. Nyerere alisema vita ni viwili: cha Watanzania wanaolinda nchi yao, na cha Waganda wanaomwondoa dikteta wao wenyewe. Kumwondoa Amin ilikuwa kazi ya Waganda. Ili hoja hiyo iwe na miguu, Waganda walipaswa kuwa na sura moja, na hawakuwa nayo; walikuwa vikundi vingi vilivyotawanyika na visivyoaminiana. Mkutano wa tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 hapa Moshi ndio uliowaunganisha kuwa chama kimoja cha ukombozi, UNLF, chini ya Yusuf Lule. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, hakuhudhuria, na kutokuwepo kwake kulikuwa na maana: angekaa mbele pale, dunia ingesema Nyerere anamrudisha rafiki yake kwa mizinga. Siku 16 baada ya mkutano kufungwa, Kampala ilikuwa imeanguka, tarehe 11 Aprili, na Lule akaapishwa siku mbili baadaye.

Kwa maoni yetu hoja ya vita viwili ilikuwa na akili kisiasa na nyembamba kisheria. Wapiganaji wa Kiuganda walikuwepo, lakini waliobeba mzigo walikuwa JWTZ. Tena Libya ilikuwa imeleta askari wake kumwokoa Amin, na hilo ndilo lililofanya kusubiri Waganda wafike Kampala peke yao kusiwezekane.

Kwenye mkutano wa wakuu wa OAU Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania waziwazi. Hofu yao haikuwa mapenzi kwa Amin. Hati ya OAU ya 1963, ibara ya 3, ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenzako, na wakuu wengi waliokaa mle ukumbini walikuwa na majirani wenye nguvu na wananchi wenye manung'uniko. Baraza la Usalama halikupitisha azimio la kuilaani Tanzania. Linganisha na Vietnam, iliyoingia Kampuchea (Kambodia ya leo) Desemba 1978 na kuwaondoa watawala wake, Khmer Rouge, mapema Januari 1979: mauaji waliyoyakomesha yalikuwa makubwa zaidi, lakini kiti cha Kampuchea kwenye Umoja wa Mataifa kilibaki kwa waliopinduliwa, miaka nenda rudi. Siasa za marafiki na maadui zilifanya kazi ambayo sheria ilitakiwa kuifanya.

Waandishi wengi wa sheria huitaja Tanzania 1979 kama mfano wa kuingia nchi nyingine kuwaokoa watu wake. Tanzania yenyewe haikusimamisha kesi yake juu ya hoja hiyo. Ukikutana na maandishi yanayosema ilifanya hivyo, yasome kwa tahadhari.

Iraq 2003 ni mfano wa ubishi kwenye swali la kwanza na la tatu. Marekani na Uingereza zilidai Iraq ina silaha za maangamizi. Baada ya uvamizi wa Machi 2003 wakaguzi wao wenyewe hawakukuta maghala hayo. Kuhusu mamlaka, waliunganisha maazimio matatu: namba 678 la 1990 lililoruhusu nguvu kuitoa Iraq Kuwait, 687 la 1991 lililoweka masharti ya kusimamisha vita, na 1441 la Novemba 2002 lililosema Iraq imekiuka masharti hayo. Wakasema ruhusa ya 1990 imefufuka. Waliopinga walijibu kwamba ruhusa hufufuliwa na Baraza lililoitoa, si na wanachama wawili. Mwaka 2004 Katibu Mkuu Kofi Annan alisema vita hivyo havikuwa halali.

Hapa Arusha kuna mchanganyiko mwingine unaosikika mara kwa mara. Mahakama ya Rwanda, ICTR, iliyokuwa kwenye jumba la mikutano la AICC hadi mwisho wa 2015, haikuhukumu nani alikuwa na haki ya kuanza vita. Mamlaka yake yalikuwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Hayo hupimwa bila kujali nani mwenye haki: aliyevamiwa akiua mateka ni mhalifu, na aliyevamia bado anapewa ulinzi wa sheria akijisalimisha. Anayesema "wao ndio walianza" ili kutetea mauaji ya raia ameruka kutoka sheria moja kwenda nyingine.

Hati ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyotiwa saini Lomé mwaka 2000, ilibadili kitu kimoja. Ibara ya 4(h) inaupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kwa uamuzi wa wakuu wake panapotokea makosa hayo hayo matatu. Anayepewa haki ni Umoja, si jirani mmoja mwenye jeshi. Kwa kipimo hicho Tanzania ya 1979 ingehitaji kura Addis Ababa, makao makuu ya Umoja.

Ndani ya nchi pia kuna utaratibu. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inamruhusu Rais kutangaza hali ya vita, kisha nakala iende kwa Spika, na Bunge likutane ndani ya siku 14 kuamua kuunga mkono tangazo hilo au la. Utaratibu huo unajibu nani ametuamrisha sisi. Haumjibu jirani anayedai ameonewa.

Kesi inayoonyesha maswali yote manne kwa pamoja ni ya Kongo dhidi ya Uganda, iliyoamuliwa The Hague Desemba 2005. Uganda ilisema ilikuwa ikijihami dhidi ya waasi wa ADF. Mahakama ikakuta mashambulio ya ADF hayakuthibitishwa kuwa ya serikali ya Kongo, na kwamba Uganda haikulipelekea Baraza la Usalama taarifa kwamba inajihami. Ikaongeza kuwa kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kuwa na uwiano na mashambulio ya kuvuka mpaka. Februari 2022 ilitaja bei: dola milioni 325, zikiwemo milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili, zilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka.