AI inatengeneza app, ila kazi haiishii hapo

Wengi huku Mtwara wanaamini siku hizi hata kama hujui kuandika programu unaiambia tu AI "nitengenezee app ya kurekodi korosho za AMCOS" (chama cha ushirika cha wakulima) na kitu kiko tayari kwa watu. Nusu yake kweli aisee, skrini na vitufe vinatoka fasta na vinavutia. Shida iko nyuma huko, data zinakaa wapi, nani anaziona. Jaribu mwenyewe: jisajili kama mkulima kwenye simu moja, simu ya pili ingia kama mkulima mwingine, ukiziona kilo za mwenzio basi bado sana. Halafu zima intaneti ya simu, andika mzigo, funga app uifungue tena, rekodi ikipotea usiipeleke kwa wakulima wa Tandahimba kwanza. Na kuiweka app Play Store, duka la app la Google, kuna ada ya dola 25, mara moja tu, hiyo AI haikulipii.